Neno la mlangoni: namna ya kuandika nyongeza chini ya barua

Kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, mgeni hasemi alichojia akiwa amekaa. Atakunywa kahawa, ataulizia watoto mmoja mmoja, atalalamikia joto, atasema samaki wameadimika, kisha atasimama, atafute ndara zake na kuaga. Akifika mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine barazani, ndipo anapogeuka: "Lo, nilikuwa nasahau. Lile sufuria lenu kubwa, Jumamosi lina kazi?" Hapo unajua kahawa yote ile ilikuwa ya sufuria.

Nyongeza ya chini ya barua, ile tunayoitanguliza kwa herufi P.S. au N.B., ndiyo neno la mlangoni. Ukilishika hilo, mengine yatakuwa mepesi: iwekwe wapi, iwe na urefu gani, jambo lipi liende huko na lipi likienda huko unajitafutia balaa.

Mimi nilianza kuwaandikia watu barua nikiwa darasa la tano, mwaka 1979, na sikuomba. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, Barabara ya 12, alikaa bibi mmoja mwenye mtoto baharia. Mjukuu aliyekuwa akimwandikia aliolewa akahamia Korogwe, nami nikaitwa kwa sababu bibi aliambiwa mwandiko wangu unasomeka hata na mtu mwenye haraka. Baadaye nikawa mpiga chapa kwa miaka 14 katika ofisi ya shamba moja la mkonge. Sasa nimestaafu, nakaa barazani na miwani yangu, na barua bado zinakuja: watoto wa bweni, wazee wanaofuatilia mafao, akina mama wenye watoto gerezani.

Juzi mtoto wa kaka yangu, binti wa kidato cha pili, kaniletea barua ya kumshukuru bibi yake mzaa mama aliyeko Pangani. Barua nzuri. Lakini chini ya jina lake ameziweka N.B. nne, moja chini ya nyingine kama ngazi. Nikamuuliza, hizi ni za nini? "Shangazi, si ndivyo inavyoandikwa?" Nikamwambia avute mkeka akae, na niliyomwambia ndiyo haya.

Herufi mbili, kazi mbili

P.S. ni kifupi cha maneno ya Kilatini post scriptum, yaani lililoandikwa baada. Baada ya nini? Baada ya barua kwisha na saini kuwekwa. Kwa hiyo P.S. ina mahali pamoja tu pa kukaa, chini ya saini. N.B. nayo ni Kilatini, nota bene, zingatia vema. Hiyo haina makazi maalumu. Inakaa juu, katikati au chini, popote unapotaka msomaji akaze macho. Ndiyo maana utaikuta kwenye kadi ya harusi: "N.B. Kadi hii ni ya mtu mmoja." Hapo hakuna aliyesahau kitu, kamati imeshahesabu sahani.

Sisi shuleni tulizichanganya. Kila kilichotokea chini ya jina tulikiita N.B., na ukimwandikia rafiki hivyo leo hakuna atakayekushtaki. Lakini maneno yetu tunayo. Tanbihi imetoka katika Kiarabu na ni ndugu wa kutanabahi, kuzindukana. Kazi yake ni kumzindua msomaji, kwa hiyo inakaribiana na N.B. kuliko P.S. Vitabuni ndiyo hayo maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Badala ya P.S. mimi naandika Nyongeza, nukta mbili, basi. Wako wanaoandika "Nimesahau", nami silipendi kwa kuwa mara nyingi ni uongo.

Babu yangu hakuweka alama yoyote. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na karatasi ikimwishia aliizungusha akapanda nayo pambizoni, kutoka chini kwenda juu, mistari imelala ubavu. Shingo yako ikianza kupinda ujue umefika kwenye nyongeza.

Wino haurudi nyuma

Ukishajaza kurasa mbili kwa kalamu halafu ukakumbuka kitu, huwezi kukipenyeza katikati ya aya ya pili. Ama uandike upya, ama ukiweke chini. Nyongeza ilizaliwa hapo. Tena karatasi ilinunuliwa, na aerogramu ilinunuliwa zaidi. Vijana hawaijui hiyo: karatasi nyepesi ya buluu, stempu imeshachapwa juu yake. Unaandika ndani, unaikunja, unalamba gundi, imegeuka bahasha. Kutia kitu kingine ndani ilikuwa marufuku, hata picha ya mtoto. Bibi akikumbuka jambo wakati nimeshalamba, nafasi iliyobaki ilikuwa ule upande wa nyuma, kando ya jina la mpelekaji. Nyongeza zake kadhaa zilivuka bahari zikiwa nje ya barua, posta nzima ikitaka inasoma.

Leo kwenye simu unarudi juu, unaongeza, unafuta, na msomaji hajui. Kwa hesabu hiyo nyongeza ingekuwa imekufa. Haikufa, kwa sababu watu walishagundua zamani kwamba mahali pale pana nguvu yake. Mwingereza Francis Bacon, mwanasheria aliyepanda hadi kuwa miongoni mwa wakubwa wa serikali ya mfalme, aliandika mwanzoni mwa karne ya 17 insha kuhusu ujanja. Humo anamtaja mtu aliyemjua ambaye kila akiandika barua, jambo lake zito aliliweka kwenye nyongeza, kana kwamba ni la kupita tu. Mara baada ya huyo anamtaja mwingine: akija kuzungumza na mtu aliliruka lile alilolikusudia hasa, akatoka, kisha akarudi na kulisema kama kitu alichokaribia kukisahau. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Ni mtu wa sufuria huyo! Bacon hakufika Tanga, lakini jirani zangu alikuwa anawajua.

Bibi yangu wa Barabara ya 12 hakuwa na ujanja huo. Yeye alikuwa na haya. Barua yake ilianza kwa salamu za nyumba zote za upande wetu, ikaingia kwenye bei ya nazi, ikataja nani kaoa na nani kaachika, na mimi naandika tu. Mwisho aliniambia, "Haya, funga." Niliandika "Ni mimi mama yako mpenzi", nikaanza kukunja. Hapo alikuwa akigeuka upande, kama anatazama kuku wake, na kuuliza, "Umeshafunga?" Bado, bibi. "Basi mwambie pesa asinihangaikie. Mwambie nataka nimwone."

Kurasa mbili za bei ya nazi, na barua yenyewe ilikuwa hiyo mistari miwili. Mtoto nilikuwa, na nilidhani bibi anazeeka, anasahau. Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba hakuwa amesahau chochote. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amekaa. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, na katika kuonana kuna kuagana, na katika kuagana ndimo maneno mengine yanamopatia njia ya kutoka.

Namna ya kuiweka

Saini kwanza. Maliza barua, weka jina lako, ndipo upate haki ya kuongeza. Neno lililo juu ya jina ni aya ya barua, hata ukiliandikia P.S. kwa wino mwekundu. Kisha ruka mstari mmoja, anzia pale pale zinapoanzia aya zako, andika Nyongeza na nukta mbili, na neno lako lifuate. Usilipigie mstari, usilizungushie kiboksi. Likishakaa peke yake kwenye weupe wa chini ya ukurasa, limeonekana. Hivi:

Ni mimi mwanao,
(jina)

Nyongeza: Ukimpata mtu wa kuja huku usimpe machungwa. Bweni zima lina machungwa.

Aliyeandika hiyo alikuwa anasoma Muheza, kwenye machungwa tele, kwa hiyo utamwelewa.

Jambo liwe moja, mistari isizidi miwili au mitatu. Mgeni aliyesimama mlangoni haanzishi hadithi ya ukoo. Na lugha ibadilike: barua inaweza kuwa na "ama baada ya salamu, dhumuni la waraka huu", lakini mlangoni tunasema kwa mkato. Niliwahi kuletewa nyongeza iliyoanza, "Napenda pia kuchukua nafasi hii kukujulisha ya kwamba kuhusiana na suala la paka..." Nikaifuta, tukaandika: "Nyongeza: Paka amezaa. Watatu." Mwenye barua alinung'unika kwamba imekuwa fupi mno. Aliyeandikiwa alipokuja likizo, kitu cha kwanza alichoulizia ni paka.

Ukikumbuka jambo la pili, utaratibu upo: P.P.S., yaani post post scriptum, nyongeza ya baada ya nyongeza. Wengi huandika P.S.S., nayo imekosewa, maana kinachorudiwa ni "baada", si "kuandikwa". Kwa Kiswahili andika Nyongeza ya pili. Ya tatu mimi siiandiki. Mtu anayerudi mlangoni mara tatu mwambie aingie ndani akae tena, yaani chukua karatasi nyingine.

Tarehe nayo ina kazi. Zamani barua ilikaa nyumbani siku kadhaa ikisubiri mtu wa kwenda posta, au msafiri. Jumatatu umeandika mtoto ana homa. Alhamisi mtoto yuko nje anacheza mpira na barua bado ipo juu ya kabati. Huna haja ya kuandika upya wala kuifuta homa. Andika chini: "Nyongeza, Alhamisi: Homa imeshuka, anacheza." Usipoweka ile Alhamisi, msomaji atapata barua inayogombana yenyewe kwa yenyewe, na mama aliye mbali ataiamini ile habari mbaya.

Na nyongeza ikigusa fedha, malizia kwa herufi za mwanzo za jina lako. Chini ya saini ni uwanja wazi, yeyote anaweza kulima. Nimeiona kwa macho yangu nyongeza iliyoandikwa njiani. Barua ilitoka Tanga haina kitu chini ya jina, ikafika Lushoto ina mstari unaosema mleta barua apewe nauli ya kurudi na chakula cha jioni. Mwandiko ulijaribu kufanana, kalamu ilikataa. Alipewa chakula, nauli hakupewa.

Mambo yasiyokwenda mlangoni

Msiba. Hili nalisema nikiwa na deni nalo. Mwaka 1986 mama mmoja aliniandikisha barua kwa mwanawe aliyekuwa Mwanza. Tulikwenda vizuri, karatasi ikajaa, nikaandika jina lake. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Na mwambie baba yake mdogo hatunaye." Mimi mjuaji wa miaka 18, sikutaka kuiandika barua upya. Nikaweka N.B., nikaandika msiba kwa mstari mmoja.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kijana alikuwa na adabu, hakunilaumu, alisema tu barua ameipata na ameisoma kuanzia chini. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Jicho halifuati mistari kama ng'ombe anavyofuata njia. Mtu akifungua barua macho yake yanaruka, yanatazama imetoka kwa nani, yanashuka kwenye jina, na chini ya jina yanakikuta kile kijistari kilichosimama peke yake. Amejua baba yake mdogo amefariki, kisha ndiyo arudi juu asome salamu na habari za mvua. Kila salamu ikawa kama dhihaka. Wauzaji wa bidhaa kwa njia ya posta kule Ulaya na Marekani wanalijua sana jicho hilo, ndiyo maana barua zao za biashara hazikosi P.S., na humo ndimo wanamotia punguzo la bei na siku ya mwisho ya kununua. Kwao ni faida. Kwa msiba ni ukatili. Taarifa ya kifo inakuja mara baada ya salamu, salamu zenyewe zikiwa fupi, na kama karatasi imejaa unaichana unaanza upya.

Siri. Kwetu barua haisomwi, inasomewa watu. Baba asiyeona vizuri anasomewa na mtoto, mjomba asiyekwenda shule anasomewa na yeyote aliye karibu, na jirani akiwapo naye anasikia salamu zake. Baba yangu alimwandikia kaka yake aliyekuwa Handeni, mimi nikiwa mshika kalamu. Chini akaniambia niongeze: zile shilingi elfu mbili usimwambie mkeo. Nikaandika. Baba mkubwa hakuwa anajua kusoma, na siku hiyo watoto walikuwa shambani, kwa hiyo aliyemsomea ni mkewe. Waliokuwapo wanasema aliisoma hadi mwisho kwa sauti ile ile, akaikunja, akamrudishia mumewe, akaenda jikoni. Kabla ya kuandika nyongeza jiulize nani ataifungua barua hiyo mdomo.

Kuomba radhi pia. Kosa linaloombewa radhi chini ya jina, kwa mstari mmoja, linaonekana kama umelipa deni la laki kwa sarafu ya mia. Na ile ya "samahani kwa mwandiko mbaya" sote tuliiandika utotoni. Mwandiko ukiwa mbaya kweli, msomaji ameshauona, na ukiwa mzuri unatafuta sifa.

Barua rasmi

Hapa sitakaa sana kwa sababu jibu ni moja: usiweke. Barua ya kuomba kazi, ya kwenda halmashauri, ya kumjibu mkuu wa shule, ina mpangilio wake. Kuna anwani mbili, Kumb. Na., kichwa cha YAH, na mwisho Nakala na Viambatanisho ikiwa vipo. Jambo ulilolisahau linarudi kwenye aya yake na barua inachapwa upya. Ofisini kwetu mkonge, bosi akikumbuka kitu barua imeshatoka kwenye taipureta, ukurasa mzima ulirudiwa, na karatasi za kaboni mbili nyuma yake, nami kimoyomoyo nikimwombea mengi yasiyoandikika. Lakini alikuwa na haki. Nyongeza kwenye barua ya ofisi inasema mwandishi hakujipanga. Pia inaacha shaka kama neno hilo lilikuwapo wakati saini inawekwa. Kwenye mkataba hilo la pili ni kubwa zaidi. Kitu chochote kinachoongezwa baada ya saini kisainiwe na pande zote, la sivyo kisiwepo.

"N.B. Nina shida sana na kazi hii" nimeifuta kwenye barua za vijana zaidi ya mara moja. Ninaelewa uchungu wake. Ila anayeisoma ana rundo mezani, na wote wana shida.

Baruapepe iko katikati. Kwa mtu unayemzoea, nyongeza inafaa, ila iandike mara tu chini ya jina lako, juu ya lile fungu linalojiweka lenyewe la cheo na namba za simu. Ukiiweka chini ya fungu hilo msomaji haiangalii kabisa, anajua huko ni namba tupu. Kwenye WhatsApp hakuna chini wala juu, kuna ujumbe mwingine tu. Lakini hata huko mtu akishasema "haya usiku mwema", kisha simu ikalia tena baada ya dakika mbili, ni yeye, amefika mlangoni.

Kalamu apewe mwenyewe

Ukiwa unamwandikia mtu mwingine, sehemu yote ya juu ni yenu wawili, ila nyongeza ni yake. Nilijifunza kumsubiri. Nikishaandika jina siikunji karatasi, naweka kalamu chini, naulizia maji ya kunywa, natazama barabarani. Anayeweza kuandika hata neno moja nampa kalamu aliandike mwenyewe, hata likipinda. Mzee mmoja alijua kuandika jina la mkewe tu, hakuna kingine, na alikuwa akiliandika pale chini kila barua, bila maelezo. Nyongeza bora kuliko hiyo sijaiona.

Jirani yangu Mkristo nilipomsimulia habari hiyo alinifungulia Biblia. Paulo naye alikuwa na waandishi. Katika waraka kwa Wagalatia, sura ya 6 aya ya 11, anawaonyesha wasomaji herufi kubwa alizoandika kwa mkono wake mwenyewe. Na mwishoni mwa waraka kwa Warumi, sura ya 16 aya ya 22, anajitokeza mshika kalamu, Tertio, anasema ni yeye aliyeuandika waraka huo, naye anatoa salamu zake. Mstari mmoja, kisha anarudi kimya. Huyo ni mwenzangu kabisa. Nami niliwahi kufanya hivyo mara moja tu, kwa ruhusa ya bibi, kwenye barua ya yule baharia: "Nyongeza: Mwandishi naye anakusalimu." Alipokuja likizo aliniletea kalamu ya Bic ya rangi nne, na kwa mwaka mzima darasani nilikuwa tajiri.

Basi, zile N.B. nne za binti yetu. Ya kwanza ilikuwa samahani kwa mwandiko, tukaifuta. Ya pili, wasalimie wote nyumbani, ikapanda juu kwenye salamu ambako ndiko kwao. Ya tatu ilisema amekuwa wa 3 darasani. Nikamwambia hiyo bibi atataka isomwe majirani wakiwa wangali wamekaa, ikaingia aya ya kwanza. Ya nne ilikuwa juu ya mkeka ambao bibi alimsukia na kumtumia: ameutandika juu ya godoro la bweni na usiku unanukia kwake. Hiyo tukaiacha pale pale ilipokuwa.

"Sasa niweke P.S. au Nyongeza?"

"Bibi yako anasomewa na nani?"

"Na mjomba."

"Mjomba anasoma kila kitu kilichoandikwa?"

Akafikiri kidogo. "Anasoma hata tarehe." Akakata zile herufi mbili, akaandika Nyongeza. Tukanakili upya kwenye karatasi safi, tukaipeleka stendi, ikaondoka na kondakta wa basi la Pangani la saa nane.